Anatema Uji

Bagara, Babati
18 Januari 2004

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, ila vumbi limeniingia mpaka kwenye kope. Najua utauliza kwanza kama nililia njiani, kwa hiyo nakujibu kabisa: nililia mpaka Himo, nikawaonea aibu abiria wenzangu nikanyamaza, tulipopita Arusha nikaanza upya. Kumwacha mtoto wa miezi mitano amelala na kutoka kwa kunyata, niliona kama naiba kitu nyumbani kwetu.

Chumba nimepata kwa mama mmoja mwenye duka, anaitwa Hanifa, lakini watu wote humwita Mama Siti. Siti ni binti yake, amezaliwa wiki moja na Modesti wetu. Nilipomwona siku ya kwanza amelala mkekani, ilibidi nijifanye natafuta kitu kwenye mkoba.

Kazini nimewekwa masjala. Mkoa wenyewe haujafikisha hata miaka miwili, barua nyingine bado tunaziandika kwenye karatasi za Arusha, tunakata jina kwa kalamu na kuandika Manyara juu yake. Ikifika saa nne asubuhi, saa aliyozoea kunyonya, maziwa yanatoka yenyewe. Nakumbatia faili kifuani mpaka yakome. Wenzangu wanadhani nina bidii sana.

Mama, tusisahau tulivyokubaliana. Mama Siti yuko tayari kunishikia Modesti nikiwa kazini, lakini awe ameshaanza kula. Mtoto wa chupa tupu anasema hatamweza huku anauza duka. Wa uji atamweka mkekani pamoja na Siti, kijiko kwa huyu, kijiko kwa yule. Kwa hiyo siku utakayoniandikia kwamba Modesti anakula vizuri, nitaomba ruhusa nije kumchukua.

Tarehe mbili Februari anatimiza miezi sita. Si kabla, Mama. Najua sisi ulitupa mtori wa ndizi tukiwa na miezi mitatu na hatukufa, lakini nesi amesema sita. Uanze na uji mwepesi, kijiko kimoja au viwili, usimlazimishe. Na uniandikie siku hiyo yote, usiache kitu. Simu ya Padre tuiache kwa ugonjwa na misiba kama alivyosema. Mimi nitangoja barua.

Mwanao,
Noela

*

Mashati, Rombo
9 Februari 2004

Mwanangu Noela,

Marahaba. Mimi mzima, ng'ombe mzima, mume wangu Modesti mzima kupita sisi wote. Juzi amenivuta kilemba kanisani wakati wa mageuzo, waumini wakaacha kusali wakatuangalia sisi.

Nilingoja miezi sita kama ulivyoagiza, ingawa mkono uliniwasha. Asubuhi ya tarehe mbili nilisaga ulezi wangu mwenyewe, nikachekecha mara mbili, nikapika uji ukachemka sana, nikaupooza. Nikamkalisha kwenye paja la kushoto, pale nilipokukalisha wewe. Kijiko cha kwanza alikipokea kwa heshima zote. Halafu akakunja uso vilevile alivyokuwa akikunja marehemu babu yake akipewa pombe ya mbege isiyoiva, akautema wote kwenye kanga yangu. Nilicheka mpaka nikalia. Jina la babu yake halikukosea mwenyewe.

Cha pili akatema. Cha tatu akaziba mdomo akageukia ukutani.

Kwa hiyo, mwanangu, bado. Anatema uji. Usiwe na haraka, kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Maziwa ya ng'ombe wetu yapo. Wewe fanya kazi ya serikali.

Mama yako,
Kornelia

*

Bagara, Babati
22 Februari 2004

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nne, na pale kwenye mbege nilimwona Baba kabisa. Lakini imeniumiza pia. Sikuwepo. Mdomo ule umeonja chakula kwa mara ya kwanza duniani, na mimi nilikuwa masjala natoboa karatasi.

Nimemuuliza nesi wa hapa. Anasema kutema si kukataa, ni ulimi unajifunza, ujaribu kila siku saa ileile. Jaribu ndizi iliyoiva uikwangue kwa kijiko. Jaribu kula wewe kwanza akuone. Siti naye alitema siku tatu, sasa anavuta bakuli kwa mikono miwili.

Nina jambo la kukiri. Jioni nikitoka kazini, Mama Siti akiwa na wateja wengi, mimi ndiye ninayemlisha Siti. Nilianza kwa kusaidia tu. Sasa naharakisha njia nzima kutoka ofisini nisikute ameshakula. Nampulizia kijiko, nafungua mdomo wangu ili afungue wake, na moyoni nasema hiki cha Modesti, na hiki cha Modesti. Akishiba ananilalia kifuani. Usinicheke.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kijiko kidogo cha plastiki cha rangi ya chungwa. Nesi anasema cha chuma kinawashtua. Labda ndicho kinachomfanya ateme.

Ameota meno? Anakaa bila kushikwa? Akisikia jina langu anafanya nini?

Noela

*

Mashati, Rombo
14 Machi 2004

Mwanangu,

Marahaba. Kijiko kimefika. Anakipenda sana kukitafuna na kukitupia kuku.

Kuhusu chakula, bado nakuambia vilevile. Anatema. Nadhani ni meno, ameota mawili ya chini. Au ni baridi, mvua zimeanza. Mama yake Tadeo, jirani yetu, anasema wako watoto ambao mpaka mwaka mzima hawataki kitu isipokuwa maziwa, na wanakuwa wanaume wa maana. Ndizi nimejaribu, mchare na hata ile tamu. Mkungu uliokuwa nyuma ya zizi umekwisha, nimeanza mwingine.

Anakaa mwenyewe. Anatambaa kinyumenyume, akitaka kunifuata anajikuta ameenda mlangoni, anakasirika. Nikiita "Modesti!" anaitikia "bu". Nikitaja jina lako ananitazama mdomo.

Pasaka usije. Nauli imepanda na wewe ndiyo kwanza umeanza kazi, wasije wakasema umeajiriwa kusafiri. Njoo mwezi wa sita, au wa saba. Mtoto hakimbii. Akiwa tayari nitakuambia.

Mama yako,
Kornelia

*

Bagara, Babati
28 Machi 2004

Mama,

Shikamoo. Sijalala vizuri tangu nipate barua yako. Karibu miezi miwili, na bado anatema? Mtoto wa miezi minane anayeishi kwa maziwa tu ataishiwa damu, nesi ameniambia bila kunificha. Naogopa. Kila nikimpa Siti kijiko najiona mwizi, namshibisha mtoto wa watu na wangu ana njaa.

Hapa ni msimu wa mboga, kila mtu ana majani ya kunde na perege wa ziwani. Mama Siti anamponda Siti samaki kwa vidole, anatoa miba mmoja mmoja. Wiki iliyopita Siti alinishika mashavu akasema "mma". Mama Siti akacheka, akasema umepata mtoto wa bure. Nilimrudishia mtoto wake nikaenda chumbani.

Nimeamua hivi. Tadeo analeta ndizi sokoni hapa Babati baada ya Pasaka. Mpe kadi ya kliniki ya Modesti aniletee, nimwonyeshe nesi uzito wake. Akisema hali ni mbaya, naandika barua ya kuacha kazi. Nitarudi Rombo tulime pamoja. Kazi ya serikali itapata karani mwingine, Modesti hatapata mama mwingine.

Usinibishie, Mama. Kadi tu.

Noela

*

Bagara, Babati
15 Aprili 2004

Mama,

Shikamoo.

Tadeo amefika jana na kadi. Leo asubuhi nilimpelekea nesi. Ameifungua, akaisoma, akaniangalia, akacheka. Akaniuliza, "Huyu ndiye asiyekula?"

Kilo tisa na nusu, Mama. Mstari umepanda ndani ya kijani kila mwezi, Februari, Machi, Aprili, haujainama hata mara moja. Nesi amesema mtoto huyu anakula, na anakula vizuri kuliko wengi wa hapa. Nilisimama pale kama mjinga.

Nikamrudia Tadeo sokoni. Nikamuuliza. Alitazama ndizi zake kwanza. Akasema, "Dada, Modesti anakula mtori mpaka anagonga bakuli. Mtaa mzima unajua."

Mtaa mzima unajua. Mimi ndiye nilikuwa sijui.

Pasaka sikuja kwa sababu uliniambia nisije. Nilikaa mlangoni nikimlisha mtoto wa mwenzangu. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi, iko hapa, ilikuwa bado sahihi tu.

Kwa nini?

Noela

*

Mashati, Rombo
19 Aprili 2004

Mwanangu Noela,

Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimefika mwisho wake.

Siku ya kwanza alitema kweli. Ile barua mwanzo wake haukuwa na uongo, ila mwisho niliukata. Nilikuandikia tarehe tisa, na tarehe tisa alikuwa ameshakula vijiko vitano akalia bakuli lilipokwisha. Nilikaa na kalamu nikitaka kukuambia. Nikaandika "Kwa hiyo, mwanangu," nikamwangalia, amelala na uji kwenye nyusi. Nikaona basi linaondoka naye. Mkono ukaandika "bado".

Baada ya hapo ilikuwa rahisi, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi.

Nikuambie nisichowahi kukuambia. Tangu baba yako afe nilikuwa napika sufuria moja asubuhi, naila mchana, naila jioni, na kesho yake naimalizia. Miaka miwili, wewe ukiwa masomoni, sikuita jina la mtu ndani ya nyumba hii. Halafu ukazaa, baba wa mtoto hakujitokeza, jina likawa letu, na wewe ukampa la baba yako. Nikawa nasimama mlangoni naita "Modesti!" na mtu anaitika. Hata kama anasema "bu". Wewe hujui maana yake kwa mwanamke wa umri wangu.

Lakini uliposema utaacha kazi, nilishtuka. Sikukusomesha kwa maziwa ya ng'ombe yule ili urudi kushika jembe kwa uongo wangu. Na usidhani nilimpa Tadeo kadi kwa ujinga. Mwalimu wa ngumbaru alinifundisha herufi, na nesi wa hapa alishanifundisha mistari. Kijani nakijua. Nilishindwa kusema kwa mkono wangu, nikaiacha kadi iseme.

Ndani ya bahasha nimeweka jani la isale. Nimelikata mwenyewe pale mpakani. Najua si desturi mzazi kumpelekea mtoto wake, na wazee wakisikia watasema Kornelia amechanganyikiwa. Lakini mila ni mila, aliyepokea isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe, na mimi sina kingine cha kujitetea. Baba yako alinipa mara moja tu katika miaka thelathini na moja, na nilimsamehe papo hapo ingawa sikutaka.

Njoo umchukue mwanao. Anakula kila kitu.

Kornelia

*

Bagara, Babati
25 Aprili 2004

Mama,

Shikamoo.

Jani limefika limekunjika, lakini halijakatika. Kwa siku mbili sikutaka kulishika. Niliona umenifunga mikono, maana ukishalipokea huna la kusema, na mimi nilikuwa na mengi ya kusema. Siku ya tatu nimeliweka ndani ya Biblia. Nimekusamehe, Mama. Bado nimekasirika kidogo, lakini nimekusamehe, vyote viwili vipo.

Na mimi niseme ukweli wangu, maana naona tumeanza. Uliponiandikia anatema, niliumia, lakini kuna sehemu ndogo ndani yangu ilifurahi. Niliona kama ananingoja mimi. Niliona kama amekataa mikono yote mpaka aje mama yake. Kwa hiyo ulinidanganya, lakini uongo wenyewe niliupenda.

Ninachoogopa sasa ni kingine. Sijamwona kwa miezi mitatu na nusu. Atanitazama kama mgeni aliyekuja kuuza vyombo.

Nakuja Jumamosi, Mei Mosi, ofisi imefungwa. Nitafika mchana. Naomba kitu kimoja. Asubuhi hiyo mpe maziwa tu, usimlishe. Weka mtori jikoni na kile kijiko cha rangi ya chungwa. Nataka nimkute na njaa kidogo. Asiponijua kwa uso, anijue kwa mkono.

Noela

*

Mashati, Rombo
10 Mei 2004

Mama Modesti,

Natumaini mmefika na amelala njiani. Hapa tangu mwondoke hapana habari mpya, isipokuwa jana nimepika mtori wa watu wawili. Mkono umezoea.

Nilikuahidi kutomlisha na sikumlisha, lakini sikukuambia jinsi asubuhi ile ilivyokuwa. Alinifuata kila nilipokwenda, anavuta kanga, anaonyesha sufuria. Alikuwa amejifunza neno jipya wiki ile, "mamu", ndiyo chakula. "Mamu, mamu." Nikawa namwambia ngoja, mwenye mkono anakuja. Nililia kidogo, nikasafisha zizi. Halafu nikasikia sauti yako kwenye migomba.

Alipokutazama vile, muda mrefu, bila kucheka wala kulia, na wewe umepiga magoti umenyoosha kijiko, nilishikilia mlango. Alipofungua mdomo nilitoka nje. Ulidhani nimekwenda kumtazama ng'ombe. Sikwenda kumtazama ng'ombe.

Sasa sikiliza. Mtori asipewe wa moto, aonje kwanza kidoleni mwako. Ukimlisha umwite jina kabla ya kijiko cha kwanza, ndivyo nilivyomzoeza. Akigonga bakuli mara moja anataka zaidi, mara mbili ameshiba anacheza tu. Parachichi lipondwe bila maji. Samaki wa huko umtoe miba wewe mwenyewe, usimwachie mtu.

Usinihurumie. Nina ng'ombe, nina Jumuiya siku ya Alhamisi. Kijiko cha plastiki umekisahau juu ya kabati. Nimekiacha hapohapo.

Mama yako,
Kornelia

*

Bagara, Babati
23 Mei 2004

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naandika haraka, Mama Siti anafunga duka na ninataka barua hii iende na Tadeo kesho asubuhi.

Mama, Modesti hali. Anatema uji. Nimejaribu ulezi, nimejaribu mtori wako vilevile ulivyoniambia, namwita jina kabla ya kijiko, lakini wapi. Nesi haoni ugonjwa. Mama Siti anasema amkumbuke nani kama si bibi yake. Labda ni kijiko kile kilichobaki juu ya kabati. Labda ni mkono.

Chumba cha pili hapa kwa Mama Siti kimekuwa wazi tangu mpangaji wake ahamie Bonga. Nimeshaongea naye.

Sijui nifanye nini, Mama. Wewe ndiye unayejua mtoto asiyekula.

Ndani kuna kitu chako nakurudishia.

Noela

*

Mashati, Rombo
30 Mei 2004

Mwanangu Noela,

Marahaba, na marahaba tena.

Barua yako nilipoifungua, jani la isale likaanguka miguuni pangu, limekauka, ni lilelile. Nikashtuka. Nikajiuliza, huyu mtoto amenikosea nini mpaka aniombe msamaha kabla sijajua kosa? Nikasoma habari za kutema, nikaweka mkono kichwani. Nikasoma mara ya pili. Halafu nikageuza karatasi kuelekea dirishani.

Kwenye kona ya chini kuna vidole vinne vya uji uliokauka, na kidole gumba upande wa nyuma. Nimenusa. Ulezi na karanga. Mtoto anayetema uji hushika uso wake, au hushika shavu la mama yake. Anayeshika barua mama yake anapoandika ni yule aliyemaliza bakuli lake na sasa anatafuta jingine.

Umenidanganya, mwanangu. Katika maisha yangu yote sijawahi kudanganywa vizuri hivi. Isale nimelipokea, na aliyepokea hana ruhusa ya kukataa.

Ng'ombe nimemwachia mama yake Tadeo, tutagawana maziwa na ndama. Migomba itajilinda. Nakuja Jumamosi na lori la Tadeo, nitakaa mbele, nimeshamwambia ndizi zikae nyuma. Nina mfuko mmoja wa ulezi, sufuria yangu ndogo, na kijiko cha rangi ya chungwa. Mwambie Mama Siti asinipikie kitu siku hiyo, nitapika mimi, na Siti wake nitamlisha pia, ananidai shukrani mtoto yule.

Nitakaa hapo mpaka Modesti ale vizuri. Na mwambie mume wangu asifanye haraka.

Mama yako,
Kornelia